Lengalenga katika Jangwa la Sonora

Nashuhudia kwamba jangwa linalisha watu, hata wenye mfuko mtupu. Sikulijua hilo nilipofika Tucson, Arizona, na wanangu, tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania. Mimi ni mkulima, binti wa wakulima wa Fizi, kule Kongo. Kambini, nyuma ya nyumba yetu ya udongo, kulikuwa na mahindi, maharage na lengalenga, ile ambayo Watanzania huiita mchicha, na mvua za Kigoma zilituhudumia bila kudai. Tucson hupata milimita 270 hivi kwa mwaka mzima, na Juni joto hupita nyuzi 38 siku baada ya siku. Kwenye ofisi ya kupokea wakimbizi walipoandika habari zetu nilisema mimi ni mkulima, na bado mahali pa ujuzi pakaachwa wazi. Jambo hilo liliniuma kuliko joto lenyewe. Nikawa mtu wa kukaa ndani, mapazia yamefungwa, nikijiona mzigo kwa watoto niliowalisha kwa mikono hii hii.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu, bibi mmoja mwenye asili ya Meksiko. Julai huanza mvua za radi, na karibu nusu ya mvua ya mwaka hunyesha katika miezi michache ya msimu huo. Siku moja, mvua zilipokuwa zimekolea, nilimwona kwenye kichochoro nyuma ya nyumba akichuma majani na kuyatia kwenye ndoo. Nikasogea kutazama. Lengalenga! Si ile ya kwetu kabisa, ni ndugu yake wa mwituni, lakini jani ni lile na harufu ni ile. Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hili, wameila tangu enzi za mababu. Hatukuwa na lugha ya kuzungumza. Alinijazia majani kwenye upande wa kanga yangu. Jioni niliyapika kwa kitunguu na karanga, na wanangu wakala kimya mpaka sufuria ikaisha. Usiku ule nilimwuliza Mungu: kama Wewe unaotesha mboga hii pasipo mtu kumwagilia, mimi mwenye jembe nimekaa ndani kwa nini?

Baadaye nikasikia kwamba bonde hili la Tucson limelimwa kwa zaidi ya miaka 4,000, na kwamba mwaka 2015 UNESCO iliuingiza mji huu katika miji yake ya ubunifu kwa sababu ya chakula chake. Kumbe nilikuwa nimeletwa kwa wakulima wenzangu.

Kwetu tunainua matuta ili mvua isiozeshe mizizi. Hapa kitalu huenda chini. Nilichimba polepole, nikimwagia maji jioni na kurudi saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijawa kali, maana chini kuna tabaka la chokaa gumu kama saruji, na bila mtaimbo halivunjiki. Kitalu kikikaa chini ya usawa wa ardhi, upepo mkavu hukiruka na kila tone la mvua hukimbilia humo. Nilikijaza majani makavu na mabaki ya kahawa ambayo mkahawa ulinipa bure, na juu nikafunika vipande vya mbao kutoka kwa wakata miti, ambao nao hufurahi kuvitua kwako kuliko kulipia jalala. Majivu, ambayo mama yangu aliyaheshimu sana shambani, hapa hayafai: udongo una chokaa nyingi tayari, na majivu huuongezea ubaya ule ule.

Maji yananunuliwa, basi lazima yatumwe panapotakiwa. Nilinunua vyungu vya maua vya udongo, visivyong'arishwa, kwenye duka la mitumba. Unaziba tundu la chini la chungu, unakifukia hadi shingoni, unakijaza maji na kukifunika. Udongo ukikauka huyavuta maji taratibu kupitia ukuta wa chungu, na mizizi hukifuata yenyewe. Maji ya kufulia nguo huenda kwenye mti wa mskiti ulioko uani, jamaa wa ule ambao Wakenya huuita mathenge na kuulaani. Hapa uko kwao, nami naubariki, kwa kuwa kivuli chake chepesi ndicho kinachookoa mboga saa za mchana. Upande wa magharibi, usio na mti, nimetundika shuka kuukuu.

Na mbegu? Maktaba za umma za hapa hutoa mbegu bure tangu 2012. Tena kadi ya msaada wa chakula ya serikali inaruhusu kununua mbegu na miche ya kuliwa. Wengi wetu hawajui, na ningependa jambo hili litangazwe makanisani kila mwezi. Kiazi kitamu kimoja cha dukani, ukikiotesha kwenye glasi ya maji, kinakupa matembele ya kiangazi kizima. Sombe, yaani majani ya muhogo, peke yake bado tunainunua ikiwa imegandishwa, kwa sababu baridi kali za Januari huua muhogo.

Wageni wanapofika sasa, mimi ndiye ninayeitwa. Dada mmoja wa kutoka Uvira aliniuliza majuzi, "Mama, na jua hili, si tungoje baridi?"

"Hapana, mwanangu. Sukuma wiki na vitunguu ndivyo vya kungoja Oktoba. Nyanya utaipanda Machi, izae kabla usiku haujawa wa moto, maana ukishakuwa wa moto maua hupukutika. Bamia, kunde na matembele panda sasa."

Nimeshamkatia marando na kumfungia mbegu za lengalenga. Jumamosi alfajiri tunakwenda kwake, mimi na wanangu, na mtaimbo.