Rigby na Winchester Mikononi mwa Baba

Baba alikuwa mbeba bunduki. Kazi hiyo imekufa Kenya, na vijana wa hapa Gataka nikiwasimulia hudhani nazungumzia askari. Zamani wawindaji wa kulipwa waliwachukua Wakamba wengi kwa kazi hiyo, na ndiyo iliyoileta familia yetu upande huu wa Kajiado, enzi ambazo nyumbu walipita watakavyo mpaka nyanda za Athi na Kapiti. Mteja wa mwindaji alipiga kwa bunduki ya kwanza. Ya pili ilikuwa kwa baba, hatua mbili nyuma yake. Nyati akigeuka, uhai wao wote ulitegemea risasi iliyofuata.

Majina mawili hayakumtoka mdomoni: Rigby ya London na Winchester ya Marekani. Zote ni za kukoki kwa mkono: unainua komeo, unalivuta, ganda linaruka nje, unalisukuma mbele na risasi mpya inaingia. Rigby ilijengwa juu ya mtambo wa Mauser wa Ujerumani, na risasi yake maarufu ya .416 ilitoka 1911. Winchester Model 70 ilikuja 1936, nayo ikafuata mtindo wa Mauser wa kuidaka risasi kwa ukucha.

Ukucha huo nilionyeshwa na baba likizo moja, kambini, chini ya mgunga, alipokuwa akisafisha silaha kwa ufito, kitambaa na mafuta. Ni ubapa mrefu wa chuma uliolala ubavuni mwa komeo. Risasi ikichomoza tu kwenye magazini, unaidaka ukingoni na kuishikilia mpaka ifike chemba. Baba alitia risasi isiyo na baruti, akakoki polepole hadi nusu, kisha akaipindua bunduki juu chini. Risasi ikabaki palepale. “Umeona, mwanangu? Haiachi.”

Yeye aliipenda Rigby. Komeo lake lilikwenda laini, na uzito wake ulipunguza teke begani. Lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Mwaka 1956 Winchester ikatoa risasi ya .458, katika bunduki ambayo hata mwindaji wa kipato cha kawaida aliweza kuinunua. Wapo waliolalamika kwamba ganda lake fupi lilishindiliwa baruti kupita kiasi. Hata hivyo, miaka ya 1960, kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kilipoacha kutengeneza risasi kubwa za zamani, mwenye .416 alibaki akihesabu zilizosalia sandukuni. Wengi walihamia Winchester kwa sababu ya risasi, si kwa mapenzi.

Halafu ikaja 1964. Ili kupunguza gharama, Winchester ikauondoa ukucha mrefu. Komeo likawa linaisukuma tu risasi, bila kuishika hadi iingie. Kwa swala haina neno. Kwa nyati aliye hatua kumi, baba hakutaka hata kusikia. Alitazama ubavu wa komeo kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na nilivutiwa na jinsi mtu ambaye hakusoma shule alivyoona kwa jicho moja walichokuja kukiandika wataalamu.

Uwindaji wa ndovu ulipigwa marufuku 1973, na wa wanyama wote Mei 1977. Chama cha wawindaji wa kulipwa cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Nairobi 1934, kikavunjwa. Wawindaji wakahamia nchi nyingine. Tanzania, ambayo nayo ilikuwa imefunga uwindaji, ilifungua tena 1978. Baba akawa mlinzi wa usiku, na rungu na tochi. Marufuku naiunga mkono, kwa maana ndovu walikuwa wakiisha. Kinachoniuma ni kwamba ujuzi wa wabeba bunduki haukuandikwa na yeyote. Na nyumbu wa Kitengela, katika nyanda zilezile za Athi na Kapiti, wamepungua licha ya marufuku, kwa sababu ya senyenge na viwanja vya kujengea.

Miaka ya 1990 Winchester iliurudisha ukucha. Rigby, iliyokuwa imehamia California 1997, ilirudi London 2013 na kuanza tena kutumia mtambo wa Mauser. Nilifurahi kusoma hayo, maana viwanda vyote viwili vimerudi kwenye msimamo wa baba. Mimi ningechagua Winchester ya kabla ya 1964, kwa kuwa risasi zake hupatikana. Yeye angebaki na Rigby, na angeanza na lile komeo kunieleza sababu.