Newala: Muhogo, Maji na Subira

Ndugu msomaji, ukitoka Mtwara mjini kwa basi ukapitia Nanyamba na Tandahimba, utasafiri katikati ya mikorosho mpaka ufike Newala. Mji huu umejengwa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Usiondoke kabla hujafika mahali wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu. Hapo ardhi hukatika ghafla, na chini yako utaliona bonde likiteremka kuelekea Mto Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji.

Mto huo ni wa kutazamwa, si wa kuchotwa. Huku juu uwandani mchanga huinywa mvua yote, na mito hakuna. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni, na kaya nyingi hukinga mvua mapaani na kuihifadhi katika visima vya nyumbani. Likumbuke jambo hili la maji, kwani ndilo ufunguo wa habari yetu.

Ingia sasa uani. Juu ya vichanja na mikeka utaona vipande vyeupe vya muhogo vimeanikwa juani. Hayo ndiyo makopa, ambayo hutwangwa yakawa unga wa ugali. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16. Upo mtamu na upo mchungu. Mgeni huuliza: kwa nini mkulima apande mchungu? Jibu ni kwamba wanyama waharibifu hawaupendi, nao huweza kukaa ardhini hadi siku ya shida.

Aghalabu uchungu huo ni dalili ya sumu. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Muhogo ukitafunwa au ukipondwa, linamarini huvunjika na kuzaa sianidi, ambayo ni sumu kali. Mbuzi akila majani mabichi au maganda ya muhogo mchungu aweza kufa. Binadamu hushikwa na kizunguzungu, kichwa humuuma, hutapika, na sumu ikizidi hupoteza maisha. Lakini sumu hiyo huruka hewani, na wazee waliijua dawa yake: maji na muda. Kuloweka kwa siku tatu au zaidi huondoa sehemu kubwa ya sumu. Kuanika peke yake huacha nyingi zaidi. Nako kuloweka kwataka maji, nawe umekwisha kuona hali ya maji hapa.

Mwaka 1988, katika wilaya jirani ya Masasi, chakula kilipungua. Watu wenye njaa waliutwanga muhogo mchungu na kuuanika kwa siku moja tu, kisha wakaula. Wengi walidhurika. Kabla ya hapo, mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, hasa wanawake na watoto, walipooza miguu wakati wa ukame. Mwaka 1985 maradhi hayo yalionekana wilayani Tarime, mkoani Mara. Huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, akaamka hawezi kutembea sawasawa, na ulemavu huo haumwachi tena.

Tusiseme kwamba watu hao hawakujua. Walijua, lakini ukame huleta mapigo matatu kwa pamoja. Huongeza sumu ndani ya muhogo wenyewe, hata ule mtamu. Huondoa mezani samaki, mayai na maziwa, ambavyo huupa mwili nguvu ya kuigeuza sianidi na kuitoa katika mkojo. Tena njaa humnyima mama subira. Haraka haina baraka, ni kweli. Lakini nani atamwambia hivyo mama ambaye watoto wake wanalia?

Ndiyo maana njia iliyotangazwa mwaka 2006 na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia ina thamani kubwa, kwani yahitaji maji kidogo. Unga wa muhogo hukorogwa na maji ukalowa, hutandazwa mkekani kwa unene usiozidi sentimita moja, huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha hupikwa siku hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya sumu iliyosalia huruka. Njia hiyo imefundishwa pia vijijini mkoani Mtwara.

Nawe msomaji wa mjini, jambo hili lakuhusu. Menya muhogo vizuri, kwani ganda lina sumu nyingi. Muhogo ukiwa mchungu mdomoni, uteme. Kisamvu kitwange hadi kilainike, kisha kichemshe sana. Na maganda usiwatupie mbuzi.

Muhogo umewalisha wengi pale mahindi yalipokauka shambani, na hatuna sababu ya kuuogopa. Ila siku utakaposikia kwamba mvua imekosekana uwanda wa Makonde, ujue kwamba shehena ya maharage na magari ya maji yakifika mapema huokoa pia miguu ya watoto.