Bakuli la Matunda la Sikukuu

Wasomaji wengi wa gazeti hili wajua ya kuwa mwezi wa Desemba huku kwetu Munisagara, katika wilaya ya Kilosa, ni mwezi wa maembe. Huiva kwa wingi hata watoto huyapita njiani wasiyaokote, na nzi ndio hushiba. Lakini nyumba zile zile zenye mwembe uani hutoa fedha mjini Kilosa kununua soda na biskuti za Noeli, kana kwamba tunda lililoota nyumbani halistahili kuwekwa mbele ya mgeni. Jambo hili limenisumbua siku nyingi. Basi naomba nafasi nieleze tunavyofanya nyumbani mwangu, pamoja na habari ya majirani wangu wawili, maana bila wao nisingekuwa na la kuandika ila upishi tu.

Chakula chenyewe nilikiona mara ya kwanza katika shule ya masista nilikosoma. Sista mmoja mgeni alifungua mikebe ya mananasi na machungwa, akachanganya na malai yaliyopigwa mpaka yakaumuka, kisha akatia vipande vyeupe laini kama pamba, viitwavyo mashimelo. Sisi wasichana tulidhani ni sabuni. Tulipoonja, hapana aliyesema neno mpaka bakuli lilipokwisha.

Tangu hapo nimesoma habari zake. Huko Marekani chakula cha namna hii huitwa ambrosia, jina la chakula cha miungu katika hadithi za Wayunani wa kale, nacho huliwa hasa siku za sikukuu. Lakini katika kitabu cha upishi cha mwaka 1867, alichoandika Maria Massey Barringer wa North Carolina, hapana malai wala mashimelo. Ni machungwa, nazi iliyokunwa na sukari, basi. Vitu hivyo vilitoka mbali, kwa hiyo viliwekewa siku kubwa. Hayo mengine yaliongezwa baadaye.

Nayo mashimelo, nani atayapata Munisagara? Zamani Wafaransa waliyatengeneza kwa utomvu wa mzizi wa mmea uotao penye majimaji, wakaupiga pamoja na ute wa yai na sukari. Siku hizi mzizi umeachwa, na mahali pake hutiwa gelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, na mara nyingi ya nguruwe. Kwangu neno hilo la mwisho lilimaliza shauri. Nusu ya wageni wangu wa Noeli ni Waislamu, kama vile mimi nilivyo mgeni wao siku ya Idi, na sipendi kuweka mezani kitu ambacho jirani lazima akiulizie kwanza. Natumia kashata za nazi, nazikata vipande vidogo kama punje za mahindi, nazinyunyiza juu wakati wa kula. Ukizitia mapema huyeyuka.

Malai yaliyopigwa hayakai katika joto letu la Desemba, wala hatuna barafu. Natumia mtindi. Siku tatu kabla ya sikukuu napokea lita tatu za maziwa, nayachemsha vema, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya brusela. Yakipoa mpaka yawe vuguvugu natia vijiko viwili vya mtindi wa jana, nafunika, naacha yagande. Usiku wa mkesha namimina mtindi katika kitambaa cheupe kilichochemshwa, nakifunga na kukitundika juu ya beseni. Asubuhi maji yote yamechuruzika, na ndani ya kitambaa umebaki mtindi mzito, yapata lita moja. Natia sukari na kuupiga kwa mwiko mpaka uwe laini.

Sasa matunda, na hapa nawasihi akina mama wasome polepole. Nanasi, hata likiwa limeiva, lina kitu ndani yake kinachovunja nguvu ya nyama na ya maziwa. Ndicho kinachowasha ulimi ukila nanasi jingi. Papai nalo lina kitu cha namna hiyo, na ndiyo sababu wapishi hutia papai bichi katika nyama ngumu. Ukichanganya nanasi lisilopikwa na mtindi, ukauacha saa mbili, utaukuta umekuwa mwepesi tena mchungu. Watu husema, "Maziwa yameharibika," kumbe maziwa hayana kosa. Moto huiua nguvu hiyo. Mimi hukata nanasi vipande, nikavichemsha kidogo katika maji yake mwenyewe, nikaacha vipoe. Papai nalitia mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha nawa. Ndizi nazirashia maji ya ndimu zisigeuke nyeusi. Maembe ni rahisi, ila chagua yasiyo na nyuzi. Na yote yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa, kwa kuwa katika mvua za Desemba mto Mkondoa hushuka na tope jingi. Walioona mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009, yalipoibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, hawahitaji kuambiwa mto huo waweza kuchukua nini.

Maziwa huniletea mama mmoja wa Kimasai, ambaye sisi sote twamwita Yeyo. Hapo ndipo ilipo habari yangu.

Wasomaji wa mbali huenda hawajui kwamba katika wilaya yetu maziwa na mahindi havikupatana siku zote. Tarehe 8 Desemba 2000, baada ya ugomvi wa mashamba na malisho, wafugaji walishambulia kijiji cha Rudewa Mbuyuni, na wakulima 38 wakauawa. Nilikuwa mtoto, nakumbuka Noeli ya mwaka ule watu walikula mapema wakafunga milango. Miaka mingi imepita, lakini wazee hawahesabu miaka kama sisi.

Jirani yangu mmoja ni bibi mzee, mkulima hodari, ambaye mwaka mmoja ng'ombe waliingia shambani mwake usiku wasimwachie hata bua. Kama walikuwa ng'ombe wa Yeyo au wa mwingine, hapana ajuaye. Noeli ya kwanza nilipomletea bakuli aliliangalia akauliza, "Maziwa haya ni ya nani?"

Nikamwambia, "Ni ya Yeyo, Bibi."

Akasema, "Maziwa hayo ni mahindi yangu mwenyewe, mjukuu wangu. Siwezi kuyapokea kama zawadi." Akachagua vipande vya maembe vilivyokuwa pembeni, akala, akanirudishia bakuli kwa mikono miwili.

Sikumshindania. Mimi sikulima shamba lile.

Ajabu ni kwamba Yeyo naye hakula. Kwanza alisikitika kuona mtindi wake umetiwa matunda. "Mwalimu," alisema, "maziwa mazuri hivi, wayaharibia nini?" Kisha akanieleza ya kuwa amekwisha kula pilau yenye nyama, na kwa desturi ya wazee wao nyama na maziwa havikutani tumboni siku moja. Mume wangu akacheka, akasema nimepika chakula kinachokataliwa na mwenye matunda na mwenye maziwa pia.

Mwaka uliofuata nikafanya mabakuli mawili. Lile dogo sikulitia mtindi, ila tui la kwanza la nazi mbili, zito, lililopashwa moto kidogo na sukari na chumvi kidole kimoja, likapozwa kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji. Tui lisikae, likipita nusu ya siku huchacha. Kumbe bakuli hilo la nazi ndilo lililo karibu zaidi na lile la mwaka 1867 kuliko lile la sista wangu.

Nililiweka bakuli dogo juu ya mkeka chini ya mwembe. Bibi akaja, akauliza, nikamjibu, "Ni nazi tupu." Akakaa. Baadaye Yeyo akaja na mwanawe, akauliza vile vile, nikamjibu vile vile. Pale palikuwa na mkeka mmoja. Hawakuongea mengi. Bibi aliuliza kama mvua imefika malishoni, Yeyo akajibu bado, na mtoto akala kashata zote zilizokuwa juu. Sikusimama kuwatazama, maana pilau ilikuwa jikoni na wageni wa msikitini walikuwa wanafika.

Bibi hajanunua maziwa kwa Yeyo mpaka leo, wala sidhani atanunua. Lakini bakuli dogo huisha kabla ya kubwa, na siku hizi hata wasio na sababu yo yote huliendea. Mwaka huu nimekwisha agiza nazi nne.