Daftari la Madeni

Wamelibomoa duka la sare la Oloo Street. Tangu Eldoret iwe jiji, Agosti 2024, hakuna ukuta mzee ulio salama, na mabango ya ghorofa zijazo yameziba hata njia ya miguu.

Baba alinipeleka pale tukitoka msitu wa Embobut na debe la asali. Nadhani ilikuwa 1971. Kaka yangu anashikilia 1972. Haidhuru. Duka lilinuka nafthalini, mafuta ya taa na khaki ambayo haijaonja maji. Mhindi mwenye duka, tepu ya kupimia shingoni, alichovya kidole, akalamba, akafumba macho.

“Mzee, asali ya wapi hii?”

“Embobut.”

“Nyinyi watu gani huko?”

“Sengwer.”

Akauliza tahajia. Baba hakujua kusoma, mimi ndiye niliyemtajia herufi, naye akaandika kwenye daftari la madeni: sweta moja, kaptula mbili, sanduku la bati, salio kulipwa kwa asali ya msimu ujao. Kila likizo nilipopeleka debe, aliita kutoka ndani, “Sengwer! Namba ngapi darasani?” Nikiwa nje ya kumi bora, alinipimia asali kwa ukali zaidi.

Shuleni karani aliandika Marakwet. Baba akapinga, akaambiwa fomu haina nafasi ya mengine. Karani yule alikuwa akimalizia kazi ya wenzake tu: Tume ya Ardhi ya Carter, ya serikali ya kikoloni, miaka ya 1930, ilishapendekeza walioitwa Dorobo wamezwe na makabila jirani. Bwenini waliniita hivyo hivyo, Dorobo, wakicheka kwamba kwetu hakuna ng’ombe. Tulikuwa na mizinga. Aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake, kwa hiyo muhula wangu wa kwanza niliupitisha kimya.

Mhindi alihama, duka likauza viatu, kisha simu. Januari 2014 nyumba zetu Embobut zilichomwa ili tutoke msituni; waliopewa na serikali shilingi 400,000 wakaambiwa wakatafute ardhi kwingine. Kesi ya kupinga kufukuzwa kwetu, iliyofunguliwa hapa hapa Eldoret mwaka 2013 ilitupwa 2020.

Juzi shule ya mjukuu wangu ilituma fomu kwa simu. Orodha ya makabila ni ndefu, letu halimo. Mama yake alitaka kubonyeza “Mengineyo”. Nikamwambia aache wazi. Fomu ikagoma kwenda ukurasa wa pili.