Mtoto Amesema Nini?

Masomo: 1 Samweli 3:1–18, Mathayo 21:14–16

Mtoto anapozungumza hadharani juu ya mambo ya watu wazima, swali la kwanza tunalouliza ni hili: nani amemtuma? La pili: huyu ni mtoto wa nani? Swali lililopaswa kutangulia mara nyingi hatulifikii kabisa: amesema nini, na je, ni kweli?

Tunaandika kama wazazi, mume na mke, wakulima wa machungwa na iliki, washarika katika Wilaya ya Muheza, upande wa milima ya Usambara Mashariki. Tumechagua jambo hili kwa sababu lilifika nyumbani kwetu, na tunaamini litafika katika nyumba nyingine nyingi.

Tuanze na watoto waliojulikana kwa wengi. Tarehe 22 Aprili 2016, Getrude Clement, msichana wa miaka 16 kutoka Mwanza aliyekuwa mtangazaji wa watoto redioni, alisimama katika Umoja wa Mataifa mjini New York. Mbele yake walikuwa viongozi waliokusanyika kutia saini Mkataba wa Paris kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Aliwaambia kwamba vijana wanataka vitendo, tena leo, si kesho. Alipigiwa makofi.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2018, Greta Thunberg wa Sweden, akiwa na miaka 15, aliacha masomo akaketi na bango lake nje ya bunge la nchi yake. Wapo waliomsifu kama nabii. Wapo waliosema anatumiwa na wazazi wake. Rais wa Marekani wa wakati huo alimdhihaki mbele ya dunia nzima. Naye alipowakemea viongozi katika Umoja wa Mataifa, Septemba 2019, ukumbi ule ule uliokuwa ukikemewa ulimpigia makofi.

Jirani zetu wa Uganda wana Leah Namugerwa. Alianza migomo ya Ijumaa mwaka 2019 akiwa na miaka 14. Alipotimiza miaka 15 alipanda miti 200 badala ya kufanya sherehe ya kuzaliwa. Hata hivyo aliambiwa kwamba bado ni mdogo mno, na kwamba siku ya Ijumaa mahali pake ni darasani. Wazazi wake walisimama naye.

Ukiangalia yaliyowapata watoto hawa, utaona kwamba wanaowakasirikia na wanaowashangilia hawako mbali sana kama tunavyodhani. Anayekasirika hataki kusikia. Anayeshangilia anaweza kusikia sauti tu, akafurahia ujasiri wa mtoto, Kiingereza chake, kutotetemeka kwake mbele ya wakubwa, kisha akaenda nyumbani akiwa amelisahau neno lenyewe. Makofi ni mazuri, lakini hayamgharimu mtu kitu.

Hapa kwetu tunayo siku ya kupiga makofi hayo. Kila tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto huandamana wakiimba, husoma risala kwa mgeni rasmi, hughani mashairi, kisha hupewa soda. Ni jambo jema, lakini tukumbuke siku hii imetoka wapi. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi waliwafyatulia risasi. Hector Pieterson, mmoja wa waliouawa siku ile, alikuwa na miaka 12. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulianza kuiadhimisha siku hiyo mwaka 1991. Kwa hiyo tunaposherehekea tunawakumbuka watoto waliosema jambo la siasa wakajibiwa kwa bunduki. Ingekuwa ajabu siku hiyo hiyo tukaona ni utovu wa adabu mtoto akisema neno ambalo halikuandikwa katika risala.

Ndivyo ilivyotokea katika kata yetu. Binti yetu alikuwa na miaka 14, yuko kidato cha pili na katika darasa la Kipaimara. Alichaguliwa kusoma risala ya watoto. Risala ilikuwa imekwisha kupitiwa na wakubwa. Ilishukuru, ilipongeza, iliomba madawati. Alipofika mwisho hakushuka. Alisema kwamba kwenye kijito tunachochota maji, miti ya ukingoni imekatwa na watu wamelima mpaka majini. Alisema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Alisema wanaolima pale wanajulikana, na baadhi yao wameketi mbele. Akauliza nani atawaambia. Kisha akashukuru, akarudi kwa wenzake.

Kwanza watu walicheka. Halafu vijana wakapiga makofi. Kule mbele pakawa kimya.

Siku zilizofuata maneno yalikuja kwa njia nyingi. Dukani mtu mmoja alituambia, "Mnamlisha mtoto maneno, halafu nyie mnakaa pembeni." Baada ya ibada mama mmoja alimkumbatia binti akamwambia, "Mwanangu, wewe ni mbunge wetu!" Ndugu wa ukoo alikuja usiku, akaongea kwa sauti ya chini: "Shemeji, mkanyeni. Hizo ni siasa. Kesho mtakwenda kuomba muhuri kwa watu hao hao." Wengine walisema ametumwa na chama, wengine wakasema ametumwa na wazungu wa misitu.

Hakuna aliyemtuma. Yeye na wenzake wawili walipima kingo za kijito kwa kamba ya mbuzi iliyofungwa mafundo. Habari za sheria walizipata shuleni. Katika maneno yote tuliyoyasikia wiki ile, ya kusuta na ya kusifu, hakuna hata moja lililouliza habari za kijito.

Hofu tuliihisi. Watu hawa tunauza nao machungwa, tunasali nao, tunazikana nao. Usiku tulijiuliza kama tumwambie binti aombe radhi. Mmoja wetu alisema, "Tukimwambia aombe radhi, aombe radhi kwa lipi? Mafundo ya kamba yalidanganya?" Tukafungua Biblia, tukasoma habari za Samweli.

Kisa hicho wengi tulikijua tangu shule ya Jumapili: mtoto anaitwa usiku mara tatu, anamkimbilia kuhani Eli, mpaka Eli anatambua kuwa anayeita ni Bwana. Mara nyingi tunaishia hapo, na watoto wanaimba wimbo. Lakini sura haiishii hapo. Neno alilopewa Samweli lilikuwa neno zito juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, kwa sababu ya wanawe waliokosa na baba yao asiwazuie. Asubuhi Samweli aliogopa kulisema. Ni mtoto gani asingeogopa? Alikuwa akila kwa Eli, akilala kwa Eli.

Hapo ndipo Eli, ambaye alikosea mengi kama mzazi, alitenda vema. Alimwita mtoto akamtaka aseme yote bila kumficha neno lolote. Hakumuuliza kama kuna mtu aliyemfundisha, wala hakumsifu kwa kuitwa na Mungu akiwa mdogo vile. Alitaka neno lenyewe, na alipolisikia alikiri kwamba limetoka kwa Bwana, ingawa lilimhukumu yeye. Biblia inatuambia macho yake yalikuwa yamefifia. Masikio yalikuwa bado yanafanya kazi.

Linganisha na wakuu wa makuhani hekaluni, siku Bwana Yesu alipoponya vipofu na viwete, na watoto wakapaza sauti zao kumsifu Mwana wa Daudi. Jina lile lilikuwa na uzito wa kisiasa katika mji uliotawaliwa na Warumi. Wakuu walichukizwa, wakamwendea Yesu kama tunavyoendewa sisi wazazi: unasikia watoto hawa wanavyosema? Yesu hakuwanyamazisha watoto. Aliwarudisha wakuu kwenye Maandiko waliyokuwa wakiyasoma kila siku.

Wiki ya pili, Jumamosi jioni, alikuja nyumbani mzee mmoja wa kanisa, mtu aliyepita miaka 70. Tulidhani amekuja kutuonya. Tulimkaribisha ndani, akasema barazani panatosha. Alipopumzika akamwita binti.

"Mjukuu wangu, siku ile nilikaa nyuma na masikio yangu ni mazito. Hebu niambie tena ulilosema."

Binti alitutazama. Tukamwambia, "Mwambie babu." Akarudia yote, habari za miti na za mita 60.

"Na hao wanaolima pale, uliwaona ni akina nani?"

Binti akasita. "Shikamoo, babu," akasema, ingawa alikwisha kumwamkia. Kisha akasema, "Na wewe babu umo. Magimbi yako yamo."

Mzee alikaa kimya. Sisi tuliangalia chini. Halafu akauliza, "Yangu ni mita ngapi?"

"Hazifiki kumi."

"Marahaba," akasema. "Kesho tukitoka kanisani utanipeleka ukanionyeshe."

Walikwenda, pamoja na ile kamba. Mzee alipovuna magimbi yale hakupanda tena. Hatuwezi kusema kijito kimepona. Wengine wanalima pale mpaka leo, na kila kiangazi maji hupungua. Maji hayo hushuka mpaka Mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani kwa ajili ya jiji la Tanga, kwa hiyo si jambo la kijiji kimoja. Lakini siku ile tuliona kwa macho maana ya msemo kwamba penye wazee haliharibiki neno. Neno lilikuwa la mtoto. Mzee ndiye aliyelizuia lisiharibike, na alifanya hivyo kwa kuuliza.

Tunajua wapo wanaotuambia: je, amri ya kuwaheshimu baba na mama? Je, watoto hawatumiwi? Maswali haya ni ya haki. Watoto hutumiwa kweli. Tumewaona wakivalishwa fulana za kampeni na kuimbishwa majina ya watu wasiowajua. Ndiyo maana tunasema dawa ni kumuuliza mtoto. Aliyelishwa maneno ataishiwa ukimtoa kwenye karatasi yake. Aliyeona kwa macho yake atakupeleka mahali akuonyeshe. Na heshima haikuvunjwa barazani kwetu jioni ile. Binti alimwamkia mzee mara mbili, na mara ya pili akamwambia kweli.

Sheria yetu nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Lakini sheria haiwezi kutuketisha barazani. Hilo ni jambo la moyo, na moyo ni shamba la imani.

Kwa wazazi wenzetu, tungesema haya. Mtoto wako akisema neno zito hadharani, usikimbilie kumziba mdomo kwa sababu ya aibu, wala usimsukume mbele kwa sababu ya fahari. Kaa naye. Pima naye kwa kamba. Kama amekosea hesabu, mrekebishe, arudi akasahihishe mwenyewe. Kama yuko sawa, usimwache abebe mzigo peke yake. Wanaokasirika waje kwako mtu mzima, si kwake njiani anapotoka shule. Samweli alikuwa mtoto mwenye neno la Mungu kinywani, na bado alihitaji mahali pa kulala na mama wa kumshonea kanzu kila mwaka.

Kwa wazee wetu na viongozi wa usharika: tunawapa watoto nafasi ya kuimba kwaya, kusoma somo na kuigiza Krismasi. Tuwape pia nafasi ya kuulizwa. Baada ya Siku ya Mtoto wa Afrika mwaka huu, wazee watatu wakae na watoto nusu saa tu, bila jukwaa wala mgeni rasmi, wawaulize: mnaona nini katika kijiji chetu ambacho sisi hatukioni, au tunakiona tukanyamaza? Waandike majibu. Jumapili inayofuata yasomwe, na yule anayehusika ajijue.

Huenda tukasikia mambo yasiyotupendeza. Huenda magimbi yetu nayo yamo. Bwana atupe neema ya kuuliza kama Eli, na nguvu ya kulipokea jibu.