Sikukuu za Wachina kando ya Msikiti wa Port Louis



Katika bahari hii yetu ya Hindi, mashariki ya Bukini, kiko kisiwa cha Morisi, na mji wake mkuu, Port Louis, ni mji wa bandari. Msafiri atokaye gatini haendi mbali kabla ya kufika mtaa wa Wachina. Hapo hapo, katika Barabara ya Royal, umesimama Msikiti wa Jummah, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kikachi katika miaka ya 1850. Uani mwake mna mkungu wa zamani, na chini ya kivuli chake waumini hupumzika huku fataki za jirani zikilia ng'ambo ya ukuta.

Sikukuu kuu ya Wachina ni mwaka wao mpya, na serikali ya Morisi huifanya siku ya mapumziko kwa wote, kama ilivyo kwa Idi yetu ya Fitri. Nyumba husafishwa kabla. Siku yenyewe ufagio hauguswi, wala kisu na mkasi. Watoto hupewa fedha katika bahasha nyekundu, mfano wa mkono wa Idi kwetu. Jirani wa kila dini hupelekewa gâteau la cire, yaani keki ya nta, ingawa nta haimo: ni unga wa mchele wa kunata na sukari, uliopikwa kwa mvuke. Mwezi wa Aprili huzuru na kusafisha makaburi ya wazee wao. Na usiku wa 15 wa mwezi wao wa nane hula keki za mwezi, mbalamwezi ikiwa imekamilika.

Wao pia huhesabu kwa mwezi, ila huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba katika miaka 19, ili sikukuu zisihame majira. Sisi tumekatazwa nyongeza hiyo katika Surat Tawba. Ndiyo maana Ramadhani yetu huzunguka kiangazi na masika. Hata hivyo mwaka 2026 tulikutana: mwezi mwandamo uliowapa wao mwaka mpya tarehe 17 Februari ndio uliotuingiza sisi katika saumu.

Wazazi wenzetu, tunayasimulia haya kwa ajili ya familia zetu zilizohamia bara. Huko Tawa, Makueni, tulikuta nyumba chache za Waislamu katikati ya majirani wa Kikamba, wengi wao Wakristo. Swali la akina mama lilikuwa moja: sahani ya Krismasi ipokewe au irudishwe? Mama mmoja alikuwa amekwisha kuirudisha, na jirani aliyemuuguza siku za uzazi hakanyagi tena mlangoni pake.

Jawabu letu ni kutenganisha mambo matatu. Ibada haina ushirika: Mwislamu wa Port Louis hasimami mbele ya ubani wa mizimu, na wa Tawa hafuati sala isiyo yake. Chakula kina sharti: keki ya mchele ni halali, lakini keki ya mwezi iulizwe, kwani aghalabu unga wake hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, vivyo hivyo muthokoi hauna neno, ila nyama iulizwe imechinjwa na nani. Ama ujirani, huo ni haki. Sahaba Abdullahi bin Amr, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa.

Basi Idi ijayo, sahani ya kwanza itoke kwetu, yenye pilau, na apelekewe yule aliyerudishiwa yake. Jirani akishapendezwa huja mwenyewe kutuita tumchinjie mbuzi wake, ili nasi tule pamoja naye; na hilo huko bara na huku Pwani si jambo geni.

Wabillahi tawfiq.