Nililigeuzia Jukwaa Mgongo

Usukumani mshindi wa ngoma hatangazwi na waamuzi waliokaa mezani. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, hukutana uwanja mmoja, kila upande na manju wake, na upande unaovuta watu wengi ndio umeshinda. Nilikulia Misungwi nikiyaona mashindano hayo baada ya mavuno, na yameniongoza katika kazi yangu yote ya kupiga picha za muziki. Ukitaka kujua wimbo umefanya nini, watazame waliokuja kuusikiliza.

Kazi nilijifunzia katika studio moja mjini Mwanza, mwaka 1971. Mchana tulipiga paspoti na familia zilizokaa wima mbele ya pazia. Usiku, tajiri wangu akiridhia, nilichukua Zenit ya Kirusi nikaenda dansini. Lenzi yake ya Helios ilifunguka hadi f/2, lakini kasi yake ya chini kabisa, ukiacha ile ya kushikilia kidole, ilikuwa 1/30 ya sekunde, na kumbi zenyewe zilikuwa na taa mbili tatu za njano. Flashi sikuipenda, maana iliwashtua watu wakaanza kujiweka sawa. Kwa hiyo nilingoja. Gita la solo likipanda kwenye chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, mchezaji hufika mahali anapojizuia kabla ya kushusha bega, na mwili hutulia kidogo. Hapo ndipo nilipobonyeza. Sikio lilinisaidia kuliko jicho.

Vijana wale wa dansini walikuwa na sababu ya kuiogopa kamera. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, waliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua; Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Walisema ni utumwa wa kigeni. Niliiheshimu hofu hiyo ya ugeni, taifa lilikuwa changa, lakini kamera ilinionyesha jambo jingine. Bugaluu, suruali pana chini, ilishonwa na fundi cherehani wa Mwanza, aliyepasua mguu wa suruali na kutia kipande cha kitambaa cha rangi nyingine. Viatu vya raizoni viliongezwa soli na fundi viatu wa mtaani. Afro ilichanwa kwa chanuo la mti. Kila kitu kilipita katika mikono ya hapa kabla ya kuingia ukumbini, na hilo nalishikilia hadi leo.

Bendi iliyoniweka macho usiku kucha ni Sunburst ya Dar es Salaam. Walichanganya rock, soul na midundo ya Kiafrika bila kuomba ruhusa kwa mtu, na mwaka 1976 wakarekodi Ave Africa nchini Zambia. Kampuni ya Strut ya London iliitoa upya mwaka 2016. Nilifurahi sana, kisha nikaanza kuwawazia waliocheza. Majina ya wapigaji yameandikwa kwenye jalada. Aliyechakaza raizoni zake mbele ya spika haandikwi popote, na bila yeye bendi ingepigia viti.

Baada ya Vita vya Kagera filamu ziliadimika madukani. Nikajiwekea fremu moja kwa wimbo mzima, na picha zangu bora ni za miaka hiyo ya ukata.

Sasa niko Misungwi, naziingiza negativu kwenye kompyuta na kuandika kila ninachokumbuka: ukumbi, mwaka, nani alishona ile suruali. Watu huja kutoka Usagara na Kigongo kujitafuta. Bibi mmoja alifika na wajukuu, wakamwonyesha picha ya msichana mwenye sketi fupi na afro pana, akakana kabisa kwamba ni yeye. Kesho yake alirudi peke yake, akataka nichape kubwa, ya kutundika sebuleni.